Ruzuku ya jimbo kwa waliopata SBIR: uzoefu wangu North Carolina

Kwa mwenye haraka: hii pesa ambayo jimbo linaiongezea kampuni ndogo iliyoshinda SBIR, yaani fedha za utafiti za serikali kuu ya Marekani, ni nzuri. Haina riba, haichukui hisa, na kwetu ilifika wakati fungu la Washington limebakiza chenji. Ila usiipangie mishahara ya mwaka mzima, na usiiombe kama moyoni umeshaamua kwamba Awamu ya Pili ya SBIR, lile fungu kubwa linalofuata, huitaki. Mwenye muda tuendelee.

Sisi ni kampuni ndogo ya Durham, tunatengeneza kifaa cha kupima sumukuvu (aflatoxin, sumu inayotokana na ukungu) kwenye mahindi. Mimi ni mtu wa Kongwa, Dodoma, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa sumukuvu ni nini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye hiyo sumu, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo. Huku Marekani nako ukungu upo. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huku, haitaki mahindi ya chakula cha binadamu yazidishe sehemu 20 za sumu kwa bilioni, na viwango vya Afrika Mashariki ni vikali zaidi, 10. Kwa hiyo kifaa kina soko pande zote mbili, na hapo ndipo tulipoanzia kuandika andiko letu.

Kwanza mwelewe pesa yenyewe inatoka wapi, maana watu wengi wanachanganya. SBIR ni mpango wa serikali kuu ya Marekani, sheria yake ilisainiwa na Reagan mwaka 1982. Shirika lolote la serikali linalotoa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kwa utafiti unaofanywa nje ya shirika lenyewe linalazimika kutenga asilimia 3.2 kwa ajili ya kampuni ndogo, zile zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Awamu ya Kwanza ni ya kuonyesha kwamba wazo linafanya kazi, kwa kawaida miezi sita hadi mwaka. Awamu ya Pili ni ya kujenga kitu chenyewe, na pesa yake ni kubwa. Katikati ya hizo awamu mbili kuna jangwa: ya kwanza imeisha, ombi la pili liko mezani kwa wasomaji, na fundi wako anataka mshahara mwisho wa mwezi kama kawaida. Kampuni nyingi hufia hapo.

Majimbo kadhaa yameliona hilo na kuweka pesa yao juu ya ile ya serikali kuu. North Carolina ilipitisha yake mwaka 2005, inaitwa One North Carolina Small Business Program. Sheria inaruhusu jimbo kulipa kiasi sawa na ulichopata Awamu ya Kwanza, mwisho dola 100,000. Kiasi halisi kinategemea bunge la jimbo limetenga nini mwaka huo. Mwaka wetu kikomo kilikuwa chini ya hapo, na hatukulalamika, kwa sababu hii si mkopo. Shemeji yangu aliyeko Kibaigwa, ambaye amewahi kuchukua ule mkopo wa asilimia 10 ya halmashauri na kikundi chake, nilipomweleza alinyamaza kidogo kisha akasema, "Shem, yaani hawakudai marejesho? Hata kidogo?" Hata kidogo.

Kilichonifurahisha zaidi ni wepesi wa maombi. Ukiwaza vizuri utaona jimbo limefanya akili: wataalamu wa serikali kuu wameshachambua sayansi yako, wameshindanisha andiko lako na ya wengine, wamekuchagua. Jimbo halina haja ya kuanza upya kukuuliza kemia. Linataka kujua tu kama makao makuu ya kampuni yako yapo humu kweli, kama angalau asilimia 51 ya utafiti wa Awamu ya Pili utafanyika humu, na kama hudaiwi kodi. Hiyo ya kodi ni tamko la kiapo, unasaini mbele ya notari. Nilikwenda benki ninakoweka pesa, mama wa dirishani akagonga muhuri, akaniuliza kwa furaha kama ndiyo nanunua nyumba. Nikamwambia bado, nanunua mahindi mabovu. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Kupima kifaa chetu tunahitaji mahindi yaliyooza kwa viwango tofauti.

Kitu kimoja cha kuwahi: wanaotimiza masharti huhudumiwa kwa kufuata nani ametangulia, na chungu kikiisha kimeisha. Barua yako ya ushindi ikitoka, usisubiri utulivu. Peleka karatasi.

Malipo yanakuja kwa mafungu mawili. Asilimia 75 unapewa mwanzoni. Asilimia 25 inabaki jimboni mpaka ripoti yako ya Awamu ya Kwanza ikubaliwe na uwe umeshawasilisha ombi la Awamu ya Pili. Hapa ndipo maoni yangu yanagawanyika. Naelewa mantiki: jimbo linataka umalize safari, halitaki ule pesa ukalale. Lakini sheria hiyo inamwadhibu mtu mkweli. Kuna mtafiti ambaye Awamu ya Kwanza inamwonyesha kwamba wazo lake halifanyi kazi. Hayo nayo ni matokeo, na pengine ndiyo matokeo ya heshima kuliko yote. Huyo anakosa robo yake, huku mwenzake mwenye wazo dhaifu anaandika ombi la Pili ili mradi ameandika, anachukua chake. Ningekuwa na sauti, ningeifungua hiyo robo kwa yeyote atakayeleta ripoti iliyokubaliwa.

Sasa tuje kwenye matumizi, maana hapa ndipo ruzuku hii inapozidi ukubwa wake. Pesa yetu ya serikali kuu ilikuwa ya maabara: kemikali, mishahara ya watafiti, vipimo. Mwanasheria wa hataza (patent) hatukuweza kumlipa kutoka humo. Safari za kwenda kusikiliza wateja, vivyo hivyo. Pesa ya jimbo ilitupa nafasi ya kufanya hayo, tukafunga safari za mashariki ya jimbo, kaunti za Duplin na Sampson, kwenye nguruwe wengi kuliko watu. Jimbo hili halilimi mahindi ya kutosha kulisha mifugo yake, mengine yanaletwa kwa treni kutoka mbali, kwa hiyo maghala ya kupokea nafaka yapo kila upande.

Kwenye ghala moja tulisimama na mzee anayepokea malori. Lori linaingia kwenye mzani, mkono wa chuma unashuka toka juu kama mrija, unafyonza mahindi sehemu mbalimbali za tela, sampuli inadondokea kwenye chumba chake. Anamimina kwenye mashine ya unyevu, namba inatokea hapo hapo, anaandika, lori linapita. Nyuma yake foleni ya malori mengine, injini zinanguruma. Nikamwonyesha kifaa chetu kwa mbwembwe zote. Hakukigusa. Aliuliza kitu kimoja tu, kinachukua muda gani. Nilipomjibu dakika kumi akacheka, akaninyooshea kidole ile foleni.

Andiko letu la Awamu ya Kwanza lilikuwa limejaa maneno kuhusu usahihi wa kipimo. Usahihi tulikuwa nao. Hakuna msomaji wa Washington aliyetuuliza habari za foleni. Tulirudi Durham tukabadilisha namna ya kusaga na kuchuja sampuli, tukapunguza muda, tukarudi kwa yule mzee, na safari hiyo alikishika. Barua yake ya kusema angependa kukijaribu msimu wa mavuno iliingia kwenye ombi la Awamu ya Pili, ambalo linadai uonyeshe nani atanunua. Kwa hesabu zangu, dola ya jimbo ilifanya kazi kuliko dola ya serikali kuu, ingawa bila ile ya serikali kuu hii ya jimbo isingekuwepo.

Kero hazikukosekana, ila nyingi hazikutoka jimboni. Ukishajisajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wanaoomba pesa zake, ambako usajili ni bure kabisa, simu zinaanza. Watu wenye sauti za kiofisi wanakwambia usajili wako una kasoro na wao wataurekebisha kwa malipo. Kata simu. Halafu kuna mshauri mmoja aliyetaka kutuandikia karatasi za jimbo kwa asilimia ya pesa itakayopatikana. Karatasi zenyewe ni za mchana mmoja! Msaada wa bure upo: SBTDC, kituo cha kusaidia biashara ndogo kinachoendeshwa na vyuo vikuu vya umma vya jimbo, kina watu wanaoijua SBIR nje ndani. Na mhasibu atakwambia mapema, ruzuku hii ni mapato, inakatwa kodi. Tenga kabla hujaipenda.

Udhaifu mkubwa kuliko yote upo kwenye msingi. Ruzuku ya jimbo inasimama juu ya tuzo ya serikali kuu, na serikali kuu ikiyumba jimbo halina la kuongezea. Tarehe 30 Septemba 2025 ruhusa ya Bunge la Marekani kwa SBIR iliisha bila kuongezwa, na mashirika yakaacha kutoa tuzo mpya. Wenzetu waliokuwa wameandaa maombi yao ya kwanza walibaki wanaangalia kalenda. Hakuna ofisi ya Raleigh, makao makuu ya jimbo, ingeweza kuwasaidia kwa sheria ilivyo sasa.

Mnaoishi majimbo mengine, ulizeni kwenu kabla ya kuhama. Kentucky kwa mfano inaongezea hata Awamu ya Pili, na inakaribisha kampuni za nje zikikubali kuhamia. Majimbo mengine yanatoa kidogo, mengine hayana kitu. North Carolina kampuni inapata ruzuku moja tu kwa mwaka, na tano kwa maisha yake yote, kwa hiyo wale wanaoishi kwa kukusanya tuzo huku hawatanenepa.

Naulizwa sana inbox, hasa na vijana walio vyuoni: mwenye viza ya mwanafunzi anaweza? Sharti ni kwamba zaidi ya nusu ya kampuni imilikiwe na raia wa Marekani au wenye green card. Mimi ninayo, ndiyo maana iliwezekana. Wewe unaweza kuwa na hisa chache ukiwa na mwenzako anayetimiza hilo, lakini kumiliki hisa na kuruhusiwa kufanya kazi ni mambo mawili, na la pili muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote. Jingine ambalo watu hawaambiwi: mtafiti mkuu lazima ajira yake kuu iwe kwenye hiyo kampuni ndogo. Mimi ilibidi niache kazi ya maabara yenye bima nzuri ya afya, na mke wangu ndiye aliyetubeba kwa bima ya kazini kwake. Hilo ruzuku hailipi.