Jiko la makaa: achana na rangi, kagua mlango

Mwezi wa pili nilinunua jiko la makaa katika duka moja hapa Mombasa kwa shilingi 2,300. Lilikuwa jekundu la kung'aa, lina vishikio viwili vya mbao na udongo ndani. Muuzaji aliniapia: "Dada, hili linakata makaa nusu kwa nusu." Nikapanda nalo matatu mpaka Kisauni, nimelipakata njia nzima lisije likagongwa udongo ukapasuka.

Wiki ya tatu mlango wake ukapinda kwa joto. Ukabaki na mwanya wa kupitisha kidole, nami sikuutilia maanani, maana jiko lilikuwa likiwaka vizuri. Jioni moja nikachemsha mbaazi, zikaiva saa kumi na moja unusu, nikaepua. Ndani mlikuwa bado na makaa mekundu, karibu nusu ya niliyotia. Nikafunga mlango yazimike niyatumie alfajiri kwa mahamri. Alfajiri nikakuta jivu jeupe, hata kaa moja la kuwashia hakuna.

Tangu siku ile nikaanza kuhesabu. Wiki moja nzima nilinunua mikebe 15 ya makaa, mikebe ile ya mafuta ya kupikia ya kilo mbili, na mtaani kwetu mkebe ni shilingi 100. Shilingi 1,500 kwa wiki, watu watano nyumbani. Na mshahara wa mume wangu sasa hukatwa asilimia 2.75 ya SHIF, ile bima ya afya, na asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za serikali kabla haujatufikia. Kodi ya nyumba siwezi kuipunguza, nauli ya watoto siwezi. Makaa naweza.

Najua kuna atakayesema hamia gesi, umalize. Gesi ninayo, mtungi wa kilo 6, na tangu VAT ya gesi iondolewe mwaka 2023 sina ugomvi nayo kwa chai, mayai na kupasha chakula. Lakini mbaazi, kunde na pure ya mahindi hukaa motoni saa mbili na zaidi. Wali wa nazi nao lazima upaliwe, makaa juu ya kifuniko na makaa chini, na hilo gesi haiwezi. Nyumba nyingi za pwani ninazozijua zina vyote viwili. Basi jiko la makaa litaendelea kununuliwa, na ni afadhali linunuliwe kwa macho.

Sitazungumzia ukubwa, uzito wala uzuri. Ukubwa unaujua mwenyewe kwa sufuria zako. Nataka kuzungumzia mlango, kwa sababu sijaona muuzaji anayeutaja wala mnunuzi anayeuuliza.

Mlango wa jiko ndio mfereji wa hewa. Ukiwa wazi makaa huwaka kwa kasi, ukifungwa hupoa. Sasa fikiria sufuria ya mbaazi. Maji yakishachemka, joto lake halipandi tena. Hapa kwetu kando ya bahari ni digrii 100, yawe yanatokota kwa fujo au yanachemka polepole, na mbaazi huiva kwa muda uleule. Moto wote wa ziada hukausha maji tu, ukaanza kuongeza maji, yakapoa, ukaongeza makaa. Kwa hiyo dakika 20 za kwanza mlango uwe wazi, na saa nzima na nusu inayofuata uwe karibu umefungwa. Jiko ambalo mlango wake haufungi litapika saa zote hizo kama vile wakimbizana na wageni.

Hasara ya pili ni ile ya jioni. Ukishaepua, makaa yaliyobaki ni pesa yako. Jiko linalofunga vizuri, ukalifunika na juu kwa kifuniko kikuukuu cha sufuria, hukuachia makaa zimwe, na makaa zimwe huwaka upesi kuliko makaa mapya. Usiyamwagie maji. Yatachukua siku kukauka, na udongo wa jiko ukipigwa maji ukiwa moto hupasuka.

Ila hili tafadhali: jiko lililofungwa mlango likiwa bado na moto liache nje, barazani au uani. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wamelala nayo chumbani wasiamke. Hata likionekana limezima, lilale nje.

Kulipima dukani ni rahisi, na muuzaji akikukataza ondoka. Washa tochi ya simu, itie simu ndani ya jiko tupu, funga mlango, kisha lifunike jiko juu kwa leso au kwa mkoba wako. Inama utazame mlangoni. Mstari mwembamba wa mwanga huo si kitu. Mwanga ukimwagika pembeni na chini, ndiko makaa yako yatakakopitia. Baada ya hapo ushike mlango uutikise. Bawaba ikicheza sasa hivi jiko likiwa baridi, mwezi mmoja wa moto utaimaliza. Bonyeza bati la mlango kwa kidole gumba. Likibonyea, litapinda. Mlango wa jiko langu jekundu ulikuwa bati jepesi kuliko la kopo la maziwa, na sikuugusa hata mara moja kabla ya kulipa.

Sasa nipange.

La kwanza ni Jikokoa, na sifichi kwamba nalipenda. Hutengenezwa Kenya na kampuni ya BURN, kiwandani Ruiru, na limekuwa sokoni tangu 2013. Mimi nililipata mwezi wa nne kwa shilingi 4,800. Ndani yake hakuna udongo wa kupasuka, ni chuma cha kustahimili moto, na katikati ya kuta mna kitu cha kuzuia joto lisitoke, hata ubavu wa jiko hauunguzi mtoto akiugusa kwa bahati mbaya kama unavyounguza ubavu wa bati. Lakini mimi nililipendea chini, kwenye trei ya majivu. Ukiivuta hewa inaingia, ukiisukuma hewa inapungua, na inateleza bila kukwama. Wiki ya kwanza nilitumia mikebe 8. Kutoka 15. Hiyo ni shilingi 700 kwa wiki, na kwa wiki saba jiko limejilipa. Asubuhi nakuta makaa zimwe ya kutosha kuwashia, na siku nyingine ya kukaangia mahamri yote bila kuongeza.

Lina kasoro zake. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo ukichemsha pure ya watu kumi utalilisha mara mbili au tatu. Kusonga ugali wa unga mwingi juu yake kunataka mtu wa pili ashike sufuria, au ulishushe jiko sakafuni. Na hapa kwetu chumvi ya bahari hula kila kitu cha chuma. Langu nalipangusa majivu kila siku na halilali mvuani. Juzi nimeona kutu kidogo kwenye mguu mmoja.

La pili ni jiko la udongo la fundi, lile lenye kiuno ambalo kila Mkenya amekua akiliona. Mafundi wa jua kali walianza kulitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata jiko la ndoo la Thailand, na hata leo likitengenezwa kwa uangalifu linaipita bati tupu kwa mbali. Dada yangu wa Likoni alilinunua lake kwa shilingi 900 na hupikia mikebe 10 kwa wiki, familia sawa na yangu. Siri ni kwamba alimsimamia fundi. Alimwambia mlango ukatwe kwenye bati nene, uingie ndani ya fremu badala ya kulala juu juu, na bawaba ziwe mbili. Fundi akaongeza shilingi 150. Ukipata fundi wa namna hiyo Majengo au Kongowea, usimwache. Angalia pia saruji inayoshika udongo na bati. Ukigonga kwa kifundo cha kidole usikie mlio wa kitu kilichoachana, kataa. Ukilichukua, siku mbili tatu za mwanzo liwashe kwa moto mdogo kabla ya kulitia moto mkali.

La tatu ni haya majiko ya rangi ya madukani, yasiyo na jina wala anwani ya aliyeyatengeneza, ya shilingi 2,000 hadi 3,000. Mengine yameandikwa maneno ya kuokoa makaa ubavuni. Usiyasome. Pima kwa tochi. Likifaulu, lichukue, lakini kwa pesa hizo unapata mawili ya fundi na chenji ya makaa.

La mwisho ni seredani ya bati tupu. Shilingi 300 hadi 400, hupasha joto ukuta na miguu yako kuliko sufuria. Ya nyama choma siku ya Idi, sawa. Ya kila siku, hapana.

Majiko ya Envirofit na EcoZoom nayo yameuzwa nchini, lakini sijayapikia, na nisichokipikia sikipangi.

Sasa wauzaji. Nililirudisha jiko langu jekundu nikiwa na risiti mkononi, siku 24 tangu ninunue. Yule yule aliyeniapia akanitazama akasema, "Dada, jiko ni kitu cha moto, halina garantii." Nikamwuliza, mlango nao ni kitu cha moto? Akamgeukia mteja mwingine. Shilingi 2,300 kwake ni bidhaa moja rafuni, kwangu mimi ni wiki moja na nusu ya makaa, na nilizitoa kwa sababu alitumia neno nusu kwa nusu kama mtu aliyepima. Hakupima. Hajalipikia hata chai.

Na hata hilo Jikokoa ninalolisifu limeingiliwa na walanguzi. Jiko lilelile nililolipata kwa 4,800, duka la barabara ya pili walitaka 6,500, nilipouliza sababu nikaambiwa ni rangi. Kuna bwana mmoja anayepita mitaani akitoa majiko kwa mkopo, shilingi 100 kila siku kwa siku 80. Piga hesabu: ni shilingi 8,000. Jirani yangu amelipa siku 50 na bado anasema ni la bei rahisi, kwa sababu mia moja haiumi ikitoka. Inauma, mwenzangu. Ni shilingi 3,200 zaidi, na kwa jiko hilo hilo zingenunua mikebe 32, mwezi mzima wa kupika. Afadhali wanawake wanne mchange kila wiki 300 kila mmoja, kila wiki nne mmoja achukue jiko lake kwa pesa taslimu.

Mwenye makaa naye asamehewe vipi? Tazama mkebe wake kabla hajauchota. Ukiinuliwa utauona kitako kimegongwa kikaingia ndani kama bakuli lililopinduliwa, na juu makaa marefu yamesimamishwa yashikane, katikati matupu. Mimi sasa natembea na mkebe wangu. Wa kwanza alininunia. Wa pili alikubali, na ndiye ninayenunua kwake mpaka leo. Namwomba pia anichagulie makaa mazito ya mti mgumu kama mgunga, maana kwa mkebe uleule yanadumu motoni kuliko yale mepesi yanayovunjika mkononi.

Jiko jekundu lilikaa uani miezi miwili, sikuwa na moyo wa kulitupa wala kumpa mtu aibu ile. Wiki iliyopita nililipeleka kwa fundi Majengo. Aling'oa mlango, akakata mwingine kwenye bati la pipa, akautia ndani ya fremu na bawaba mbili, akanidai shilingi 200. Nikamwachia dada mpishi wa chapati hapa mlangoni, ambaye naye alikuwa akila mikebe 15 kwa wiki kwenye jiko la aina ileile, kwa masharti kwamba ahesabu. Jana jioni amekuja na kikaratasi chake. Mikebe 11.