Stendapu ya Sinza, dogo mwenye usonji ndo kabeba shoo

Jana nimeenda stendapu moja, shoo ya vichekesho, huku Sinza, Dar, kiingilio elfu 10, soda juu yako. Tangazo linasema saa 1 usiku, tumeanza saa 3 kasoro, maiki inapiga miluzi kama firimbi ya trafiki, chipsi ndo usiseme.

Sasa akapanda dogo mmoja, akasema wazi mi nina usonji (autism, yaani ubongo unapokea mambo tofauti na wengi), ukumbi kimyaa. Akaanza: "Kondakta wa Mbagala kasema rudi nyuma nafasi ipo, nikarudi, nikapima, nikamfata nikamwambia kaka umenidanganya, zipo sentimita 4." Hacheki, kakodolea feni tu, aisee nilitoa machozi.

Nikawakumbuka Hannah Gadsby wa Australia na Fern Brady wa Scotland, wote wamesema wazi wana usonji na kuchekesha ndo kazi yao. Sisemi kila mwenye usonji mchekeshaji, hapana, ila mtu anayechukua maneno kama yalivyo anaona vituko ambavyo sie tushavizoea hata hatushtuki.

Waandaaji zimeni zile taa za kuwakawaka basi, dogo alikuwa anaziba macho kila zikimpiga. Nitarudi, ila nakula kwanza nyumbani.