Fimbo ya pool ya vipande viwili kwenye hali ya hewa ya Mbeya: uzoefu wangu

Nina fimbo yangu ya pool, ya vipande viwili. Kipande cha mbele ni mbao ya mepo, nyeupe na ngumu, ncha milimita 13. Niliagiza Kariakoo ikaja Mbeya kwa basi, Sh 85,000 pamoja na kibegi laini. Imeshakula mvua na baridi ya huku, kwa hiyo naweza kuisemea.

Kwenye kupiga sina malalamiko. Imenyooka, na skrubu ya katikati ikikazwa hailegei gemu nzima. Kazi ipo kwenye kuitunza. Huku mvua zinashika kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu Juni na Julai ni baridi kavu na upepo. Mbao hunywa unyevu ikavimba, ikikauka inasinyaa, na kama muda wote huo imeegeshwa ukutani, itapinda tu. Zitazame zile za vijiweni zinazosimama kwenye kona kutwa kucha: nyingi zimeshakuwa upinde.

Ndiyo maana kile kibegi nakipa 3 kati ya 10. Hakizuii unyevu, na kwenye bodaboda hakikingi chochote. Nilinunua boksi gumu lenye sponji ndani, karibu nusu ya bei ya fimbo, na kusema kweli hilo nalipigia debe kuliko fimbo yenyewe. Nikimaliza kucheza naifungua, vipande vinalala humo, mbali na jiko la mkaa na jua la dirishani.

Kero nyingine ni poda. Vijana wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, wanajipaka poda ya mtoto mikononi ili fimbo iteleze, mpaka kitambaa cha meza kinabadilika rangi! Ikichanganyika na jasho na chaki inaganda kwenye mbao, fimbo inaanza kunata mkononi. Mimi naifuta kwa kitambaa kikavu, nasugua haraka mpaka mbao ipate joto. Uchafu ukigoma naweka spiriti kidogo kwenye kitambaa, maji hapana. Msasa ni mara chache sana, namba 1000 kwenda juu, ule wa mafundi rangi za magari. Kuna seremala alitaka kuipitishia fimbo ya mwenzangu msasa wa makabati. Ukikubali hilo, mbao inapungua unene na kile kipete cheupe cha kwenye ncha kinabaki kimechomoza.

Ngozi ya ncha iliyokuja nayo ilikuwa laini mno, ikatanuka ikapita kipete. Aliyenibadilishia ni fundi viatu, kwa Sh 3,000. Alikwangua gluu ya zamani mpaka pakawa sawa kabisa, akabandika mpya kwa supagluu, kisha akaisimamisha fimbo ncha chini juu ya kibao na kukata kingo kwa kisu chake cha soli. Akamalizia na msasa kuiviringisha. Sasa chaki inashika, na nikipiga mpira mweupe kwa chini ili urudi, fimbo haitelezi.

Ngozi zenyewe sijaziona kwenye maduka ya mjini hapa. Agiza kadhaa pamoja na fimbo, maana nauli ya kifurushi inazidi bei ya ngozi moja.