Ukikosa Mlimani: DIT au MUST?
Mhandisi mtarajiwa akihofia kukosa nafasi Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chaguo la pili liwe DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya)? Vyote vilianza kama vyuo vya ufundi, DIT mwaka 1957 na MUST mwaka 1986.

Kwa gharama, Mbeya inashinda: chumba Iyunga ni nafuu, na wali maharage hauumizi mfuko. Lakini mwenye shangazi Mbagala, Dar, halipi kodi. Anatafuta nauli tu, na kuamka alfajiri kuwahi foleni. Kwa mafunzo ya vitendo naipa DIT, maana viwanda vya Dar viko jirani. Anayeyumba kati ya uhandisi na usanifu majengo, MUST inamfaa zaidi. Ila kabla ya kujaza fomu, soma sifa za kila kozi, hasa Fizikia na Hisabati.