King Richard: filamu ya baba mmoja, kazi ya wazazi wawili

Filamu ya King Richard, iliyotoka mwaka 2021 chini ya uongozi wa Reinaldo Marcus Green, ni miongoni mwa filamu chache za michezo ambazo ningemshauri kila mzazi wa Nairobi mwenye mtoto anayeshika raketi aitazame kwa makini, na asione vibaya kubishana nayo. Inasimulia jinsi Richard Williams, mlinzi wa usiku wa mjini Compton, California, alivyoandika mpango wa kurasa 78 hata kabla binti zake Venus na Serena hawajazaliwa, akiwa na hakika kwamba watakuja kuwa mabingwa wa tenisi. Yaliyofuata yanajulikana: Venus alitwaa mataji makubwa 7 ya mchezaji mmoja mmoja, Serena akatwaa 23, na wakicheza pamoja wakabeba mengine 14. Kwa kuwa mwisho wa safari unajulikana, filamu haina haja ya kutuficha mshindi, bali inatuuliza watoto hawa walilelewaje, na kwa muda mwingi inajibu vizuri.

Sehemu za mwanzo ndizo zilizonigusa zaidi. Familia nzima inajipakia kwenye basi dogo la Volkswagen, inashuka katika uwanja wa umma, na troli ya dukani iliyojaa mipira iliyochakaa inasukumwa hadi karibu na wavu. Mvua ikinyesha, mazoezi yanaendelea. Vijana wa magenge wakimpiga baba, kesho yake anarudi palepale. Will Smith amemwigiza Richard akiwa na mabega yaliyoinama na kaptura fupi, mtu anayeongea bila kikomo mbele ya makocha matajiri wasiotaka kumsikiliza, na ambaye nyuma ya maneno hayo yote anaficha hofu ya kudharauliwa. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume mwezi Machi 2022, ingawa tukio la usiku uleule, Smith alipompiga kofi mchekeshaji Chris Rock jukwaani, lilizungumzwa mno hata uigizaji wenyewe ukasahaulika, jambo ninalolisikitikia hadi leo.

Kiini cha filamu, kwa maoni yangu, ni uwezo wa mzazi wa kukataa. Baada ya familia kuhamia Florida, ambako kocha Rick Macci amekubali kuwafundisha mabinti, Richard anatangaza kwamba hawatacheza tena mashindano ya chipukizi, bali watafanya mazoezi, watasoma na watabaki kuwa watoto. Macci, ambaye ameweka fedha na matumaini yake kwa Venus, anapandwa na hasira, na mtazamaji anaielewa hasira hiyo. Lakini filamu inamkumbusha mtazamaji pia habari za Jennifer Capriati, msichana aliyeingia katika tenisi ya kulipwa akiwa na miaka 13 na kukamatwa na polisi mwaka 1994, akiwa bado kijana mdogo aliyechoka. Yeyote aliyewahi kukaa kando ya uwanja wa kilabu chochote jijini mwetu Jumamosi asubuhi amewaona wazazi wanaomkaripia mtoto wa miaka 9 kwa kupiga mpira nje, kisha wanamkimbiza kwenye tuisheni kabla jasho halijakauka. Ningependa wakae na sehemu hii ya filamu kwa utulivu.

Hata hivyo, filamu inampendelea mhusika wake mkuu kupita kiasi. Venus na Serena ni miongoni mwa watayarishaji, na mapenzi ya familia yanaonekana katika kila kona: makosa ya baba yanatajwa, yanafunikwa kwa tabasamu, na hadithi inasonga. Dada zao watatu wakubwa, ambao ni binti za mama kwa ndoa ya awali, wanabaki kuwa sauti za nyuma ya gari.

Anayeiokoa filamu ni Aunjanue Ellis katika nafasi ya mama, Oracene. Mama huyu ni muuguzi, anatoka zamu na kuingia uwanjani, na kocha Paul Cohen anapokubali kumfundisha Venus peke yake bila malipo, ni yeye anayemchukua Serena na kumnoa. Kisha linakuja pambano la jikoni. Oracene anamwambia mumewe wazi kuhusu watoto aliowaacha huko nyuma na biashara alizozianza akazitelekeza, na anadai kutambuliwa kwa mchango wake katika mchezo wa mabinti. Kamera inabaki usoni pake, na Smith, ambaye kwa muda wote amekuwa msemaji, hana pa kushika. Katika dakika hizo chache filamu inatambua kwamba mpango wa kurasa 78 ulitekelezwa na watu wawili, na laiti ingelitambua hilo mapema, ingekuwa filamu kubwa zaidi. Ellis aliteuliwa kuwania Oscar, mimi ningempa.

Kuna jambo jingine ambalo mtazamaji wa Nairobi ataliona upesi kuliko wa Marekani. Viwanja vya Compton vilikuwa vibovu, lakini vilikuwa vya umma, na familia maskini iliweza kuvitumia bila kadi ya uanachama. Hapa kwetu tenisi kwa sehemu kubwa imefungiwa ndani ya mageti ya vilabu na shule za kulipia. Angella Okutoyi, aliyetwaa taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili mwaka 2022 pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alilelewa na nyanya yake aliyefanya kazi ya usafi katika shule ya Loreto Convent Msongari, na huko ndiko alikokuwa karibu na uwanja. Kabla mzazi wa mtaa wa kawaida hajaandika hata ukurasa mmoja wa mpango, itambidi kwanza atafute mahali pa kupigia mpira.

Filamu inafikia kilele Oakland mwaka 1994, pale Venus mwenye miaka 14 anapocheza mechi zake za kwanza za kulipwa. Anamfunga Shaun Stafford, kisha anakutana na Arantxa Sánchez Vicario, bingwa wa French Open na US Open mwaka huohuo, anashinda seti ya kwanza 6-2 na kuongoza ya pili 3-1, na baada ya hapo hashindi tena hata gemu moja katika mechi hiyo. Mechi hii imepigwa picha kwa ustadi, na Saniyya Sidney, anayemwigiza Venus na ambaye hutumia mkono wa kushoto, alijifunza kucheza kwa mkono wa kulia ili afanane na Venus. Ukimwangalia anavyorusha mpira juu kabla ya kuupiga, huwezi kugundua.

Filamu ina dakika 144, na katikati kuna mazungumzo ya mikataba ambayo yangepunguzwa. Ina matusi kiasi na mauaji ya risasi, kwa hiyo inawafaa watoto waliokwisha kutimiza miaka 12 au 13, wakiwa na mzazi pembeni. Msiizime majina yanapoanza kupita, maana hapo ndipo zinapoonyeshwa picha halisi za familia ya Williams.