Bactiseal: mpira wa shanti wenye dawa, je, bei yake inalipa?

Bactiseal ni ule mpira wa rangi ya machungwa wa shanti, yaani njia ya kutoa maji yaliyozidi kichwani, ambao silikoni yake imenyweshwa antibiotiki mbili, rifampisini na klindamaisini. Dawa huvuja kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, kipindi kilekile ambacho bakteria wa ngozi, hasa stafilokokasi, hujishika kwenye mpira mpya. Wakishajenga utando, sindano za mshipani haziwang'oi.

Ushahidi wake ni mzito. Utafiti wa BASICS wa Uingereza na Ireland, uliochapishwa 2019, uligawa wagonjwa 1,605 kwa bahati nasibu. Waliowekewa mpira wa kawaida walipata maambukizi 6%, wa dawa 2%, wenye madini ya fedha 6%. Fedha basi haikusaidia kitu, na hatuoni sababu ya kuinunua. Kila maambukizi yaliyoepukwa kwa mpira wa dawa yaliokoa pauni 135,753.

Hospitali za kwetu zisiazime hesabu hiyo ya pauni, zifanye yake. Pungufu ya wanne kwa mia maana yake ni wagonjwa 25 kuwekewa Bactiseal ili kumwokoa mmoja. Chukua nyongeza ya bei ya mpira mmoja, zidisha kwa 25, kisha linganisha na gharama ya maambukizi moja: upasuaji wa kutoa shanti, mpira wa muda wa kutolea maji nje, antibiotiki ya vankomaisini kwa siku 10 hadi 14, mara nyingi hata kupita hapo, vipimo vya maji ya ubongo, kitanda, halafu upasuaji wa kuweka shanti mpya. Panapoambukizwa 10%, dawa ikipunguza kwa kiwango kilekile, 25 hushuka hadi 15. Na mama aliyelala wodini wiki tatu bila kipato naye aingizwe kwenye hesabu.

Kwenye vali, kifaa cha shanti kinachodhibiti mtiririko wa maji, okoeni pesa. Huko Mbale, Uganda, matokeo ya 2005 ya watoto 195 yalionyesha kuwa shanti ya Chhabra, ya dola 35 wakati huo, haikuzidiwa, baada ya mwaka mmoja, na ya Codman ya dola 650. Bactiseal huuzwa pia kama mipira peke yake; hakikisheni tu kwamba vipenyo vinaoana na vali mliyonayo.

Kasoro zake: ni dhaifu kwa bakteria wa gramu hasi (kundi tofauti na stafilokokasi), na haizuii kuziba. Ndiyo maana katika BASICS jumla ya upasuaji wa marudio haikupungua. Mwenye mzio wa rifampisini au klindamaisini asiwekewe. Msiuloweke kwenye maji ya chumvi kwa muda mrefu, dawa itaishia kwenye bakuli.

Wala usinunuliwe kabla ya mambo ya bei nafuu kukaa sawa: antibiotiki ya sefazolini (kwa mtoto 30 mg kwa kilo) ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana ngozi, nywele zikatwe kwa mashine badala ya wembe, dawa ya ngozi iachwe ikauke, na glavu ziwe jozi mbili, ya juu ibadilishwe kabla ya kuugusa mpira.