Duka la kanga Ngamiani, Tanga: taarab nzuri, sabufa mahali pabaya

Kwa mzigo wa kanga na subira ya wauzaji, hili ni duka la kwenda. Ninachokilalamikia ni muziki, na hasa wa jioni.

Asubuhi wanapiga taarab ya zamani ya Tanga, ile ya enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, kwa sauti ya wastani. Wateja hawana haraka. Jioni inaingia singeli, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Mwaka 1982 Ronald Milliman, aliyefanya utafiti katika supamaketi moja Marekani, alionyesha kwamba muziki wa mapigo 72 au pungufu ulipunguza mwendo wa wateja na kuongeza mauzo, kuliko ule wa mapigo 94 na zaidi. Ila supamaketi mtu anachukua vitu mwenyewe. Kanga hukunjuliwa juu ya kaunta, mteja akasoma jina, akauliza kama ipo yenye rangi nyingine, ndipo wapatane bei ya doti. Singeli ikikolea, bei inarudiwa mara tatu na mwisho inaonyeshwa kwenye kikokotoo. Mteja huyo haulizi tena doti ya pili.

Chanzo kikubwa ni sabufa iliyosukumwa kwenye kona ya mlango. Kona huzidisha besi. Halafu marundo ya kanga yananyonya sauti nyembamba, zile zinazofanya maneno ya mwimbaji yasikike, lakini besi hayaizuii. Wimbo unasikika mzito, kijana wa duka anaongeza sauti akidhani ni ndogo, besi inazidi tena. Dawa yake ni kuitoa sabufa konani, hata nusu mita, kupunguza besi kwenye kitufe chake, na kufunga spika mbili ndogo juu kidogo ya kichwa, zikielekea ndani. Kipimo ni rahisi: watu wawili waliotenganishwa na kaunta waelewane bila kuinua sauti.

Isitoshe, muziki unatoka kwenye simu ya muuzaji. Ikiita, wimbo unakatika na mlio unapasuka duka zima. Wanunue fleshi tu. Na humo waongeze bashraf, ambayo ni ala tupu, kwa sababu ni vigumu kusoma jina la kanga huku mwimbaji anakusemesha maneno mengine.

Kwa sasa, anayetaka kuchagua kwa utulivu aende asubuhi.